Nchi Jirani: Mtetea na Jogoo Katika Chombo Kimoja



Nchini Kenya na Uganda, kama hapa kwetu Tanzania, mitetea na majogoo wa nyumbani hula pamoja. Mfugaji atakaye mayai huwanunulia wote chakula cha kuku wanaotaga. Hapo ndipo penye kosa.

Chakula hicho kina madini ya chokaa kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4, kwa kuwa ganda la yai moja huhitaji gramu 2 hivi za madini hayo. Jogoo hatagi, asilimia 1 yamtosha. Ziada hutolewa na figo, na ikidumu kwa miezi huziharibu. Kuku wachanga hudhurika upesi zaidi.

Je, mtetea naye anyimwe? La hasha! Akikosa chokaa huichukua katika mifupa yake mwenyewe, akadhoofika.

Basi, kundi zima lipewe chakula cha kuku wanaokua. Kando yake liwekwe bakuli la makombe ya chaza yaliyopondwa. Mtetea atadonoa kwa kadiri ya haja yake, na jogoo hatayajali sana. Dagaa wa Ziwa Victoria, waitwao omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda, huongeza nguvu ya chakula. Wachaguliwe wakavu wasio na mchanga.

Ndugu askari, kambini mzima hapewi dawa ya mgonjwa. Na bandani iwe vivyo hivyo.