Somo la Biashara na Vijana wa Eastlands
(Hotuba kwa wazazi na vijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi)



Liko jambo linalogusa kila nyumba ya Eastlands, tangu Pumwani na Kaloleni mpaka Umoja na Kayole. Jambo lenyewe ni somo la biashara katika shule za sekondari ya juu. Wazazi wengi huuliza, "Mtoto wangu akichagua somo hilo, je, amepata elimu au amekimbia masomo magumu?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa mifano ya hapa hapa petu.

Kwanza yafaa tujue mpango ulivyo. Mwezi wa Januari mwaka wa 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Mtaala huo una mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo. Somo la biashara limo katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mtoto huchagua mkondo akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na uchaguzi huo humwongoza miaka mitatu. Hivyo si jambo la kuamuliwa kwa kufuata marafiki, wala kwa amri ya baba asiyejua kinachofundishwa.

Mafunzo haya si mageni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1950 wenye maduka Waafrika walifundishwa kutunza hesabu katika Jeanes School, Kabete. Baadaye biashara, uhasibu na uchumi yalikuwa masomo mbalimbali katika shule za sekondari, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalipounganishwa kuwa somo moja. Tofauti ni hii: zamani mtu alifundishwa akiwa tayari ana duka, pengine akiwa na mvi, leo kijana aweza kufundishwa kabla hajapata hasara yake ya kwanza.

Sasa tuangalie faida yake. Jambo la kwanza ni daftari. Tuseme mama mmoja mwenye kibanda cha mboga huenda Marikiti alfajiri na kununua bidhaa za shilingi 3,000. Jioni zote zimeuzwa, na ndani ya mkebe mna shilingi 4,200. Yeye husema, "Leo nimepata faida ya shilingi 1,200." Lakini alitumia shilingi 300 kwa usafiri, 50 kwa ushuru, 50 kwa mifuko, na lazima aweke 100 kwa ajili ya kodi ya kibanda. Jumla ni shilingi 500. Basi faida yake ni shilingi 700 tu.

Jioni hiyo hiyo anatoa shilingi 900 kwa chakula cha watoto na stima. Mkebe umebaki na shilingi 2,800. Kesho yake ataingia sokoni na mtaji uliopungua kwa shilingi 200, naye hana habari, maana moyoni anajua kwamba jana "alipata faida". Akiendelea hivyo siku 10, mtaji wa 3,000 utakuwa umebaki 1,000. Tena huenda mambo yakawa mabaya zaidi, kwa kuwa bidhaa zikipungua, faida nayo hupungua. Hakuibiwa, wala hakurogwa, wala jirani hakumwonea kijicho. Fedha za nyumbani na fedha za biashara zilikaa ndani ya mkebe mmoja. Mwanafunzi wa somo hili hufundishwa kuandika mbalimbali mtaji, gharama, faida, na fedha anazotoa mwenye biashara kwa matumizi yake. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni kujua wakati na kupanga kazi. Nendeni Kamukunji mkawatazame mafundi wa jua kali. Ndio watengenezao masanduku ya bati ambayo watoto wa shule za bweni huyabeba. Mwezi wa Januari wazazi wote huyataka kwa siku zile zile, nayo bei hupanda. Fundi mwenye akili hanunui bati siku hiyo. Huweka akiba mapema, akagawa kazi: huyu akate, huyu akunje, huyu apake rangi, na mmoja mwenye ulimi mzuri auze. Darasani mambo hayo huitwa mahitaji na ugavi, na mgawanyo wa kazi. Mafundi wengi waliyajua kwa taabu ya miaka mingi. Mwanafunzi huyapata mapema, na huweza kuyatumia katika kazi yo yote.

Jambo la tatu ni hatari na bima. Nyote mwajua jinsi soko la Gikomba lilivyoungua mara kwa mara. Katika moto wa tarehe 28 Juni 2018 watu 15 walipoteza maisha yao, na wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu. Hakuna somo liwezalo kurudisha roho za watu. Lakini mtu aliyefundishwa bima hujua kwamba hasara ya mmoja huweza kubebwa na wengi wanaochanga kidogo kidogo. Tena hujua kwamba lazima aweze kuonyesha alikuwa na mali kiasi gani. Mwenye daftari lililowekwa nyumbani ana ushahidi; asiye nalo ana maneno matupu.

Jambo la nne ni mikopo. Tangu M-PESA ilipoanza mwaka wa 2007, fedha hutembea kwa simu, na siku hizi mkopo hupatikana kabla chai haijapoa. Tuseme umekopa shilingi 5,000, nawe watakiwa kurudisha 5,500 baada ya mwezi. Shilingi 500 huonekana ndogo. Lakini ukiwa kila mwezi walipa 500 hiyo na kuendelea kubaki na deni, baada ya mwaka utakuwa umelipa shilingi 6,000, na ile 5,000 bado wadaiwa! Kijana wa Gredi ya 10 aweza kuifanya hesabu hiyo kwa dakika mbili na kumwokoa mzazi wake.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Somo la biashara peke yake halimpi mtu mtaji, wala halimfanyi kuwa mwaminifu. Tena si kimbilio la mtoto anayeogopa hisabati. Katika mtaala mpya kila mwanafunzi hujifunza hisabati, ila iko hisabati kamili na iko nyepesi. Vyuo vikuu vyetu kwa desturi hutazama alama za hisabati za mtu aombaye kusomea shahada ya biashara. Kwa hiyo mtoto atakaye kufika huko, au kuwa mhasibu kwa mitihani ya KASNEB, chombo kilichoanzishwa mwaka wa 1969, na aulize shuleni mapema kama aweza kuchukua hisabati kamili pamoja na somo la biashara. Kuuliza leo ni rahisi kuliko kujuta baada ya miaka mitatu.

Nanyi wazazi, msiuachie ubao kazi yote. Nunueni daftari moja. Mpeni mtoto aandike kila jioni kilichoingia na kilichotoka, naye awasomee hesabu siku ya Jumapili. Wengine mtaona haya mtoto akijua siri ya mkebe. Lakini mtoto ajuaye kwamba karo yake imetoka katika faida ya shilingi 700 kwa siku hataomba viatu vya bure bure. Na mzazi aonyeshwaye hesabu na mwanawe hatasema tena kwamba shule haina faida.