Beseni ni la Mmoja, Hatari ni ya Wote

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa mafunzo. Yamepigwa chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nieleze habari ya anodaizi, yaani kazi ya kukipa kipande cha aluminiamu ngozi ngumu kwa nguvu ya umeme. Kipande hufungwa waya wa chanya kikatumbukizwa katika beseni la tindikali. Waya wa pili hufungwa bamba la risasi. Umeme ukipita, ngozi huota, nayo ina matundu madogo sana yanayopokea rangi. Mwisho kipande huchemshwa katika maji safi, matundu yakaziba.

Kazi hii ni nzuri na ina fedha. Lakini karakana zetu nyingi ni za shirika: huyu anachomelea, yule anapiga rangi, mwingine anafagia. Wazee husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hapa anayedungwa ni jirani, naye hata hajui kilichomo ndani ya beseni. Kwa hiyo yafaa tushike mambo haya.

Kwanza, tindikali hutiwa katika maji, pole pole. Maji hayatiwi katika tindikali kamwe, maana yatachemka ghafula na kukurukia usoni.

Pili, beseni likifanya kazi hutoa hewa ya haidrojeni, nayo hushika moto upesi. Kostiki soda ya kusafishia aluminiamu hutoa hewa hiyo hiyo. Basi asiwepo mtu wa kuchomelea wala kuvuta sigara karibu. Tena mapovu hurusha ukungu wa tindikali unaokereketa koo na kula vyombo vya wenzetu. Mahali pake ni penye upepo wa kutosha, si kwenye kona.

Tatu, msitie tindikali wala kostiki katika chupa za soda. Mwenye kiu hasomi, hunywa. Kila chombo kiandikwe jina, kifungiwe kwa kufuli, na tindikali ikae mbali na kostiki.

Nne, zima umeme kabla ya kugusa waya. Beseni latumia kama volti 12 hadi 18, lakini mashine inayolilisha yapokea volti 240, na sakafu ina maji.

Tano, pawe na glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, na bomba la maji karibu. Aliyerukiwa aoshwe papo hapo kwa maji mengi, dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Magadi ni ya kuua tindikali iliyomwagika sakafuni, usimpake mtu.

Ndugu zangu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi yataka kamati ya usalama. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ampashe habari msimamizi wake. Wala halazimishwi kurudi pale kabla hatari haijaondolewa. Na fundi anayejitegemea asidhani yeye hayumo: naye apaswa kuwalinda walio karibu na kazi yake.

Basi kila mwenye beseni, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha umeme, awaite majirani zake awaonyeshe kilichomo na bomba la maji lilipo. Aanze na yule anayefagia.