Juma Moja la Utumishi Chilangala

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa nizungumze juu ya utumishi. Mwenyekiti amenidokeza kwamba kwaya ya wanafunzi inakusudia kwenda vijijini kwa juma moja wakati wa likizo, na kwamba sisi wa zamani tutaombwa kuchangia safari hiyo. Basi kabla sisi hatujatoa fedha, na kabla vijana hawajafunga mizigo, yafaa tuulizane swali moja: juma moja linaweza kufanya nini?

Swali hili nalijibu kwa yale niliyoyaona. Mwezi Juni mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Tatu, tuliondoka hapa wanafunzi 18 kwenda Chilangala, wilaya ya Newala. Kumi na watano tulikuwa wanakwaya. Watatu walikuwa Waislamu, ambao hawakuimba nasi, lakini walijua kazi ya kuezeka kuliko sisi sote, nao waliomba wenyewe kuja. Lori lilitupandisha mlima wa Newala, likatushusha njiani, tukamalizia kwa miguu, ngoma na magitaa mabegani. Kila mmoja alibeba unga wake, kwani mwalimu wetu alikuwa ametuonya kwamba mgeni asiye na chakula chake humwongezea mwenyeji mzigo.

Anayeijua nchi ile anajua taabu yake ya maji. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha, maji huzama chini mbali, na chemchemi hutokea mabondeni, pembezoni mwa uwanda. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mitambo kuyapandisha juu, na ndiyo maana watu hujenga visima vya saruji vya kuwekea maji ya mvua. Wakati ule wa kiangazi, ndoo moja ya maji ilikuwa zawadi kubwa kuliko nyimbo zetu zote.

Ratiba yetu ilikuwa imepangwa vizuri. Asubuhi kazi, mchana mazoezi ya kwaya, jioni sala. Jumatatu tuliteka maji na kuyapeleka kwa wazee wasiojiweza. Jumanne tulifuatana na mwalimu wa kanisa kuwatazama wagonjwa. Mzee yule alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa mwaka wa 26, vijiji vitatu, kwa miguu, na ujira wake haukutosha hata kununua baiskeli. Alikuwa na daftari lenye majina ya wagonjwa, Wakristo na Waislamu pamoja. Nilipomwuliza kwa nini amewachanganya, alinijibu, "Mjukuu wangu, homa haiulizi mtu dini yake." Jumatano na Alhamisi tuliezeka upya nyumba ya bibi mmoja aliyekuwa kipofu. Yeye naye alitulipa kwa ming'oko ya kuchemsha, na hakukubali tukatae. Ijumaa tuliwafundisha vijana wa pale wimbo mmoja kwa sauti nne.

Siku kubwa ilikuwa iwe Jumamosi. Tuliandaa mkutano wa nyimbo, na watu wa vijiji jirani walikuwa wamealikwa. Lakini alfajiri ile tulisikia vilio. Jirani wa kanisa, mzee wa Kiislamu aliyetuazima ngazi ya kuezekea, alikuwa amefariki. Baadhi yetu tulidhani mkutano utasogezwa mpaka jioni. Mwalimu wa kanisa alikuja pale tulipolala, akasimama mlangoni, akasema, "Wanangu, leo ngoma zipumzike. Chukueni majembe."

Tulikwenda makaburini tukachimba pamoja na vijana wa kijiji. Wenzetu watatu Waislamu ndio waliotuongoza, wakituonyesha upande wa kibla na namna ya kuchimba mwanandani. Wengine tuliteka maji ya kuoshea maiti. Baada ya sala ya adhuhuri mzee akazikwa. Siku ile hatukuimba hata ubeti mmoja. Jumapili, kwa kuwa matanga yalikuwa nyumba ya tatu kutoka kanisani, Misa iliimbwa kwa sauti tupu, bila ngoma wala gitaa. Nimeimba katika kwaya nyingi tangu wakati huo, na sijapata kusikia uimbaji uliokuwa sala kamili kama ule.

Ndugu zangu, nimesimulia hayo ili tutambue kwamba kazi iliyokuwa ya maana zaidi katika juma lile haikuwamo katika ratiba. Nasi tuliweza kuifanya kwa sababu moja tu: alikuwapo mtu aliyekaa pale miaka 26, aliyejua siku ya kupiga ngoma na siku ya kushika jembe.

Historia ya nchi yetu hii inasema hayo hayo. Askofu Edward Steere alipofika Masasi mwaka 1876 na watu waliookolewa utumwani, safari ilinuiwa kuendelea kuelekea Ziwa Nyasa. Ni watu wale walioipenda nchi, wakakaa. Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882, Chauncy Maples alihamishia kazi Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Cecil Majaliwa, ambaye utotoni aliuzwa utumwani, aliwekwa Chitangali mwaka 1886. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ile ya UMCA, naye alidumu Chitangali zaidi ya miaka kumi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipowafunga wamisionari Waingereza, makanisa ya huku hayakufa, kwa sababu mapadre na walimu Waafrika waliyashika.

Hata katika muziki ni hivyo. Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, alipokuwa bado Afrika ya Kusini alimpatia kijana mmoja wa shule tarumbeta. Kijana yule ni Hugh Masekela, ambaye baadaye dunia nzima ilimsikia. Lakini Huddleston hakuwa mpita njia kule. Alikuwa ameishi na watu wale kwa miaka. Na siku hizi wako vijana wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale waitwao Wamormoni, ambao hutumwa kuhubiri kwa miezi 24 wakiwa wanaume na miezi 18 wakiwa wanawake. Mafundisho yao si yetu, lakini urefu wa muda wao unatufundisha kitu.

Je, basi juma moja ni bure? Sisemi hivyo. Mwaka 2003 nilipita Chilangala kwa kazi ya serikali. Mwalimu wa kanisa alikuwa amekwisha kufariki. Paa la bibi lilikuwa limeezekwa tena, safari hii na vijana wa pale pale. Wimbo wetu wa sauti nne walikuwa bado wanauimba, ila wameubadili mwendo na kuutia ngoma, na ulikuwa mzuri kuliko tulivyowaachia.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, vijana waende mahali walipoitwa, na ratiba yao ipangwe na wenyeji. Pili, waende na chakula chao, na wasiwabague wenzao wa dini nyingine wanaotaka kufanya kazi. Tatu, na hili ni letu sisi wa zamani, mchango wetu usiishie kwenye nauli ya lori. Tuchangie pia baiskeli ya mwalimu wa kanisa wa mahali hapo, na vijana warudi kijiji hicho hicho mwaka wa pili na wa tatu. Mgeni wa siku tatu hupewa jembe. Anayerudi kila mwaka huonyeshwa na shamba lenyewe.

Orodha ya michango iko kwa Katibu. Jina langu nimekwisha kuliandika, kwa miaka mitatu.