Mnunuzi na Kijiko cha Fedha

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya mstari mmoja mfupi, Mithali 20:14. Hapo mwenye hekima atuonyesha mnunuzi sokoni. Mbele ya mwenye mali aibeza mali ile. Lakini akiisha kuipata na kwenda zake, njiani ajipongeza. Mara nyingi tumehubiri juu ya muuzaji mdanganyifu, mwenye mizani ya uongo na kibaba kipungufu. Mstari huu wamshika mnunuzi.

Tuchukue mfano katika mji wetu wa Isiolo. Kandokando ya barabara wauzaji huwaonyesha wasafiri bangili za shaba na aluminiamu, na kila mtu ajua kwamba bei ni ya kupatana. Tuseme mama mmoja mzee aja sokoni na kijiko kikubwa cha mezani, kimeingia weusi kwa kukaa sandukuni. Zamani za ukoloni Isiolo ilikuwa makao ya watawala wa Kiingereza wa upande wa kaskazini, na baba yake mama huyu alikuwa mpishi katika nyumba ya mmoja wao. Bwana yule, alipofunga mizigo kurudi kwao wakati wa uhuru, mwaka 1963, alimwachia mpishi wake kijiko. Sasa mama atafuta karo ya mjukuu.

Mnunuzi akigeuza kijiko, aona nyuma ya mpini chapa ndogo ndogo: simba anayetembea, kichwa cha chui, herufi moja peke yake, na herufi za jina la fundi. Mama ameziona tangu utoto, akadhani ni mapambo. Mnunuzi azijua.

Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria kwamba chombo cha fedha kisitoke mikononi mwa fundi kabla ya kupimwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Chapa ya simba ilianza kutumika London mwaka 1544. Herufi ile moja yaonyesha mwaka wa kupimwa. Wapimaji hukwangua chembe kidogo ya chombo ili waone kama katika sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha tupu. Sehemu 75 zilizobaki huwa shaba kwa kawaida, maana fedha tupu ni laini mno kwa matumizi. Tangu miaka ya 1840 viwanda vya Birmingham vilitengeneza pia vijiko vya madini mengine vilivyopakwa fedha juu kwa nguvu za umeme. Navyo hung'aa vivyo hivyo, lakini simba yule hapigwi juu yao.

Sheria ile ilitungwa ili kumlinda mnunuzi asiyejua, asidanganywe na fundi ajuaye. Lakini ni chapa gani imlindayo muuzaji asiyejua, mbele ya mnunuzi ajuaye? Hapo hakuna mpimaji. Ipo dhamiri ya mnunuzi tu, na yupo Mungu aonaye.

Mnunuzi asema, "Mama, hiki ni bati tu. Lakini kwa kuwa umetoka mbali, nitakupa shilingi mia." Mama apokea, tena amshukuru na kumwombea baraka. Ndugu, mtu huyu atakwenda wapi na baraka ile?

Labda msikilizaji mmoja atasema, "Hakumpora, mama alikubali mwenyewe. Na mnunuzi naye ana watoto wa kusomesha." Ni kweli, na mfanyabiashara astahili faida, maana ujuzi wake una kazi. Faida ni halali. Lakini kuiita fedha bati si ujuzi, ni uongo. Hata kama angenyamaza tu, Walawi 25:14 yasema na pande zote mbili: auzaye asimdhulumu mwenzake, wala anunuaye asimdhulumu. Na Bwana wetu, katika Mathayo 7:12, atupa kipimo rahisi. Kama mzee yule angekuwa mama yako mzazi, nawe huko sokoni, ungependa aambiwe nini?

Basi na aseme hivi: "Mama, hiki ni fedha. Twende kwa sonara tukakipime. Mimi naweza kukinunua kwa bei hii, nami nipate faida kidogo. Ukiona haitoshi, mwonyeshe mwingine." Huenda akakikosa kijiko, na jioni nyumbani aulizwe ameleta nini. Gharama hiyo ni ya kweli, hatutaificha. Kumfuata Yesu sokoni kwaweza kumgharimu mtu pesa.

Wengi wetu hatutaona kijiko cha namna hiyo maishani. Lakini tumeona mbuzi. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 wafugaji wetu wa kaskazini waliuza wanyama kwa bei ya chini kabisa ili watoto wapate unga. Mnyama aliyekonda hawezi kupata bei ya mnyama aliyenona, hilo twalijua. Lakini kumshika mwenye njaa mpaka shilingi ya mwisho, kwa kuwa hana la kufanya, hiyo ni dhuluma ile ile.

Tumtazame Ibrahimu katika Mwanzo 23. Alikuwa mgeni, amefiwa na mkewe, ahitaji mahali pa kumzika. Efroni alipotaja shekeli 400 za fedha, Ibrahimu hakulibeza shamba wala hakupunguza hesabu. Alizipima zote mbele ya watu, kwa kipimo cha wafanyabiashara.

Na yuko Mnunuzi mkuu kuliko Ibrahimu. Petro atukumbusha, katika waraka wake wa kwanza 1:18-19, kwamba fedha na dhahabu hazikutosha kutukomboa. Kristo alitoa damu yake. Yeye alitujua ndani na nje, hata weusi wetu wote, wala hakututafutia bei ya chini. Aliyenunuliwa hivyo, atawezaje kwenda kumpunja mama mzee kwa kijiko?

Tuombe. Ee Bwana, ulitulipia gharama yote. Utupe ulimi wa kweli tunapouza na tunaponunua. Na kama yuko mtu ambaye mali yake tuliibeza tukijua thamani yake, utupe ujasiri wa kumrudia leo na kumlipa kilichobaki. Katika jina la Yesu. Amina.