Kumbukumbu ya Baba na Babu Yetu wa Kibuyuni

Maneno yaliyosomwa na wajukuu wa marehemu katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati ya Chama imetutaka sisi wajukuu tuseme maneno machache juu ya marehemu mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Baba, nasi tulimwita Babu. Twaishukuru Kamati kwa heshima hii. Hatukuja kumpamba kwa sifa asizokuwa nazo, maana yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa, na wengi mliopo hapa mlimjua kabla sisi hatujazaliwa. Tumekuja kueleza jinsi alivyoishi, na deni alilotuachia.

Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa mahali popote. Alichotuambia ni kwamba alizaliwa Pemba katika nyumba ya wavuvi, na kwamba vita vikuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa mtoto wa kutumwa dukani. Haukupita muda mrefu akauvuka mkondo wa Pemba pamoja na baba yake, na kazi yake chomboni ilikuwa kufua maji ngamani. Walikuja kupiga dago kwa msimu mmoja, kama walivyofanya wavuvi wengi wa Kipemba katika fuo hizi za Shimoni, Wasini na Vanga. Msimu ukapita, wa pili ukaja, wenyeji wakawapa mahali pa kujenga, nao wakajenga.

Ni vyema vijana wafahamu ya kuwa siku zile safari hiyo haikuhesabiwa kuwa ni kwenda ugenini. Mwambao huu, ule ukanda wa maili kumi, ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, nao Waingereza waliutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Pemba, na ilipepea huku pia. Kisha mwezi wa Oktoba 1963 yakafanywa mapatano ya kuuingiza mwambao katika Kenya, na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo Kenya ikapata uhuru wake. Babu alilala usiku ule papa hapa Kibuyuni. Asubuhi akaenda kutazama madema yake kama desturi, asijue ya kuwa tangu siku hiyo atahitaji karatasi ya kuonyesha kwamba yeye ni wa hapa.

Basi aliishi hapa. Alioa hapa, mke wa Kipemba aliyelelewa Shimoni, akazaa, akalea, akaozesha. Alivua kwa jarife, kwa mshipi na kwa madema. Alijua siku ya bamvua na siku ya maji mafu pasipo kutazama kalenda, na kusi lilipoanza kukaza yeye ndiye aliyewazuia vijana wasitoke, hata kama njaa ilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Vijana wengi wa Kidigo, Kikifundi na Kivumba walijifunza kushona tanga mikononi mwake. Kila aliporudi na kitoweo, fungu la kwanza lilikwenda katika nyumba ambayo haina mtu wa kwenda baharini. Sisi tuliokuwa tukitumwa kupeleka fungu hilo tulinung'unika mara nyingi, kwa sababu lilikuwa ndilo lenye samaki wakubwa.

Lakini, ndugu wanachama, tukisema hayo tu na kunyamaza tutakuwa hatukusema kweli yote. Babu aliishi miaka yake yote ya utu uzima bila kitambulisho. Alikwenda kuomba zaidi ya mara moja, akiwa amevaa kanzu yake ya Idi, akarudishwa akiambiwa kwamba yeye ni mtu wa visiwani. Pasipo kitambulisho hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala kuweka fedha benki, wala kumiliki ardhi aliyoijenga. Hata simu aliyokuwa akitumia ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Binti zake walipoanza kulima mwani pamoja na wanawake wenzao wa Kibuyuni, jasho lilikuwa lao, na malipo yalipitia kwa watu wengine. Dada yetu mmoja alimaliza kidato cha nne vizuri, akaitwa kazini, akarudishwa mlangoni kwa kukosa kadi hiyo.

Tuna kisa kimoja ambacho hatuwezi kukiacha. Babu alipopata fedha za kununua mashua, iliandikwa kwa jina la jirani yake, Mdigo wa mtaa huu, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Hapakuwa na mkataba wala shahidi. Jirani yule angeweza siku yoyote kusema, "Chombo ni changu," na sheria ingekuwa upande wake. Miaka ikapita, mashua ikachakaa, ikauzwa, na fedha zote zikaletwa katika kikapu mpaka barazani kwa Babu. Babu alipozihesabu alitoa sehemu akamrudishia mwenzake, naye akakataa kuipokea. Wakashindana mpaka adhana ya magharibi. Twakisimulia kisa hiki kwa sababu wapo wanaodhani ya kuwa Wapemba waliishi hapa kwa kujificha. Waliishi kwa kuaminiwa na majirani, nao waliitunza amana hiyo.

Serikali nayo haikunyamaza daima. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ilisema ya kuwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Haki hiyo ilimhusu Babu. Ila mwenye kuomba hutakiwa kuonyesha ushahidi, na ushahidi wa maisha yake ulikuwa vichwani mwa watu, ambao mmoja mmoja tulikuwa tukiwazika.

Mwezi wa Oktoba 2016 ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, waliondoka kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, wakasikizwa, na mwaka 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Babu alizifuata habari hizo redioni. Tulimwuliza kama anaona siku yetu nayo itafika. Akajibu, "Yangu mimi sijui. Yenu itafika, lakini msiende mikono mitupu."

Wakati ule hatukufahamu maana ya maneno hayo. Alifariki mwaka 2022, kusi likielekea ukingoni, akiwa na umri ambao twaukisia kuwa karibu miaka 90. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri. Chama hiki kilitoa sanda na kuwalisha wageni, na waliochimba kaburi walikuwa vijana wa kila kabila lililoko hapa. Tulipofungua kopo lake la biskuti hatukukuta fedha. Tulikuta stakabadhi za ushuru wa samaki za miaka mingi, kadi za kliniki za watoto wake wote, risiti za karo ya shule, na karatasi moja yenye majina ya wazee waliokuwako alipojenga nyumba yake ya kwanza, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wake. Alikuwa akitukusanyia ushahidi, asimwambie mtu.

Mwezi wa Januari 2023 Serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba Wapemba ni mojawapo ya jamii za Kenya, na mwezi wa Julai mwaka huo vitambulisho vikaanza kutolewa. Sisi tulipoulizwa ni watoto wa nani na wajukuu wa nani, tulilitaja jina lake, na wazee wa mtaa wakaitikia kwamba wanamjua. Kisha tukalifungua lile kopo. Kwa hiyo kadi tulizo nazo mifukoni leo twazihesabu kuwa ni urithi wake, ingawa yeye mwenyewe hakuishika hata moja. Furaha yetu siku ile ilikuwa na machozi ndani yake, na wala hatuoni haya kukiri hivyo mbele yenu.

Bwana Mwenyekiti, deni tulilolitaja mwanzo ni hili. Wako bado miongoni mwetu wazee ambao maisha yao hayakuandikwa popote, nao si Wapemba peke yao. Twaomba Chama kinunue daftari moja kubwa, liwekwe kwa Katibu, na kila nyumba ipeleke habari za wazee wake: walizaliwa wapi, walifika lini, walifanya kazi gani, na nani anawajua. Twaomba pia kila mtoto azaliwaye aandikishwe kabla hajatambaa. Na sisi tuliopata vitambulisho tuwe tayari kwenda kumshuhudia jirani ambaye hajapata, kama tulivyoshuhudiwa. Kwa upande wetu, nyumba ya marehemu inatoa gharama ya daftari hilo, na ukurasa wa kwanza tumeuomba uwe wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Baba na Babu yetu, ailaze roho yake mahali pema, na awape umri na afya wazee wetu mliobaki, ili tuwaandike mkiwa hai na kutusahihisha tunapokosea.

Wabillahi taufiki.