Rangi Haitibu Injini

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo tufungue boneti tuutazame mkakasi wenyewe.

Tangu Tommi Mäkinen aliposhinda Safari Rally hapa Kenya mwaka 1996 akiendesha Mitsubishi Lancer Evolution, vijana wengi wa mjini wamelitamani gari la namna hiyo. Anayelipata lililotumika hukuta kifuniko cha juu ya injini kimepauka na rangi imebambuka. Basi hukifungua, akakipiga msasa na kukipuliza rangi nyekundu inayowaka. Si vibaya. Lakini kifuniko kile si pambo. Kazi yake ni kuzuia oili isimwagike na vumbi lisiingie.

Fundi mwenye haraka hukipiga mchanga kwa kompresa ili kuondoa rangi ya zamani. Upande wa ndani kuna bamba linalotenganisha matone ya oili na mvuke, na chembe za mchanga hujificha nyuma yake. Injini ikiwashwa, oili huziosha na kuzipeleka kwenye beringi. Hapo rangi ya bei rahisi imeua injini ya bei ghali.

Halafu kuna gasketi. Ile ya zamani imekakamaa kwa joto, ukiirudisha itavuja. Oili ikijaa kwenye mashimo ya plagi, injini hukohoa. Ikidondokea ekzosi, ambayo kwenye gari la tabo huwa moto kama jiko, utaanza kuona moshi, na pengine gari zima litashika moto.

Kwa hiyo nunua gasketi mpya kabla hujashika spana. Kifuniko kikishatoka, funika injini kwa kitambaa safi. Ondoa rangi kwa dawa, si kwa mchanga. Osha oili yote, kisha tumia rangi inayostahimili joto, la sivyo itabambuka tena. Wakati wa kurudisha, kaza bolti zote kidogo kidogo kwa zamu.

Nawe mnunuzi, unayetoa akiba ya miaka, ukikuta kifuniko kinameremeta ilhali vichwa vya bolti vimelika, usikimbilie kulipa. Uliza kilifunguliwa kwa nini. Washa injini, iache ipate moto, kisha mulika tochi ukingoni mwa kifuniko. Ukiona oili mbichi, rudisha pesa mfukoni.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.