KIJANA WA KIISLAMU NA KIPAZA SAUTI



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, wazazi wetu wa hapa Myanga, na nyinyi wageni wetu mliotoka Bungoma na Kitale. Mada niliyopewa ni vijana wa shule wanaotaka kutumia likizo ya Agosti kujifunza kazi ya uandishi wa habari redioni. Najua yuko mzee hapo nyuma anajiuliza: hivi katika mwezi huu mtukufu, tuache kuzungumzia swaumu tuzungumzie redio? Naam, mzee wangu, nivumilie kidogo. Swaumu si ya tumbo peke yake, ulimi nao unafunga. Na redio ni ulimi. Tofauti ni kwamba ulimi wangu unafika mwisho wa msikiti huu, na wa redio unafika mpaka jikoni kwa mtu usiyemjua.

Tuanze na jambo ambalo sote tunalijua. Usiku wa tarehe 29 Shaabani, au 29 Ramadhani, watu wanafanya nini? Wanangoja habari za mwezi. Mmoja ameshika simu, mwingine amekaa karibu na redio, na watoto wako nje wanatazama juu. Mara anakuja mtu anasema, "Mwezi umeonekana!" Umeonekana wapi? "Wamesema umeonekana." Nani kasema? "Watu."

Sasa fikiria wewe ndiye umekaa mbele ya kipaza sauti saa hiyo. Ukitangaza hilo la "watu wamesema", kuna atakayekula kesho ilhali ni siku ya kufunga, na kuna atakayefunga siku ya Idi. Maneno ya sekunde tano yamevuruga ibada ya watu wengi. Ndiyo maana sheria yetu imeweka utaratibu: aliyeona ajulikane, ushahidi wake upokewe na wenye mamlaka hayo, kisha ndipo itangazwe. Mwanahabari mzuri hufanya hivyo hivyo kila siku. Anauliza: ni nani aliyeona? Aliona nini hasa? Lini? Wapi? Je, yuko mwingine aliyeona? Na mwenye mamlaka, kama vile Kadhi Mkuu, amesemaje?

Kwa hiyo kijana Mwislamu anayeingia studio haendi kwenye nchi ya kigeni. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) ametuamrisha kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Na maulamaa wetu wa hadithi walifanya nini? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri miji na miji akitafuta hadithi pamoja na isnadi zake, yaani fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Waliangalia kama mpokezi ni mkweli, kama kumbukumbu zake ni nzuri, kama kweli alikutana na huyo anayemtaja. Mnyororo ukikatika, habari inatiwa udhaifu. Wahariri wa leo wanaita hilo kuthibitisha chanzo. Sisi tulikuwa nalo zamani.

Vijana wangu, msidhani natia chumvi nikisema kwamba maneno ya redio huua. Mwaka 1994, majirani zetu wa Rwanda walikuwa na redio moja iliyoitwa RTLM. Ilipendwa na vijana, ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walikuwa wachangamfu. Redio hiyo hiyo ikachochea mauaji ya Watutsi. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wake mwaka 2003, na rufani ya mwaka 2007 haikumfutia kosa la uchochezi. Hapa kwetu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lawama nyingi zilielekezwa kwa baadhi ya redio zetu. Mtangazaji mmoja alifikishwa mpaka The Hague, na kesi yake ikasimamishwa Aprili 2016 bila ya kutiwa hatiani. Leo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inakupa uhuru wa kusema, lakini kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki.

Lakini chombo hicho hicho huokoa pia. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, Mega FM ilianza mwaka 2002, wakati vijana wengi walikuwa wametekwa na waasi wa LRA. Msituni waliambiwa: mkirudi nyumbani mtauawa. Redio ikawaleta studio wale waliokwisha kurudi, wakazungumza kwa sauti zao, na wenzao kule porini wakasikia kwamba fulani yu hai. Wapo waliotoka kwa sababu hiyo. Masafa ni FM yale yale, vyombo ni vile vile. Kilichotofautiana ni nia na ukweli.

Je, vijana wanaweza kazi hii? Nendeni mkaulize habari za Korogocho, Nairobi. Mwaka 2006 vijana wa mtaa ule wa mabanda walianzisha Koch FM, na studio yao ilikuwa ndani ya kontena la chuma. Walichoka kuona mtaa wao unatajwa tu kukiwa na wizi au mauaji. Wakasema, tutajisemea wenyewe. Na huku kwetu magharibi hatuko mbali na redio. West FM ilianzishwa Bungoma, na Sulwe FM inatangaza kwa Kibukusu. Kwa Waislamu, Iqra FM ya Nairobi na Radio Rahma ya Mombasa zilionyesha kwamba inawezekana.

Sasa nikupe ukweli wa likizo hiyo, usije ukakata tamaa siku ya tatu. Hutapewa kipindi. Utakaa pembeni usikilize, utabeba nyaya, utapokea simu za wasikilizaji na kuandika majina yao. Usidharau. Sikio ndilo linalofundishwa kwanza. Ukipewa nafasi ya kurekodi, hata kwa simu yako, kaa mahali pasipo na upepo, sogeza simu karibu na mdomo wa msemaji, kama shubiri moja, na uvae visikilizio ili usikie kinachoingia. Uliza swali fupi kisha unyamaze. Usiulize "Je, barabara ni mbaya?" maana atajibu "ndiyo" na mazungumzo yameisha. Uliza, "Mvua ikinyesha mnafikaje hospitali?" Ukiandika, andika kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, jambo moja kila sentensi, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji wa gazeti. Kisha isome kwa sauti kabla hujaingia hewani.

Na habari ziko hapa hapa. Malipo ya miwa yanapochelewa, mzazi analipaje karo? Kisima kikikauka, watoto wa kike wanaamka saa ngapi kutafuta maji? Wale vijana wa bodaboda pale stejini, wangapi wana kofia ya kujikinga? Hizo ni habari.

Hapa linakuja swali ambalo vijana wengi wananiuliza: Kuandika maovu ya mtu si ni kusengenya? Swali zuri. Kusengenya ni haramu, na katika Ramadhani kunakula thawabu za swaumu yako. Lakini Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kupeleka malalamiko yake, na kuwaonya watu na shari. Basi jipime. Pesa za dawa za zahanati zikipotea, umma una haki ya kujua, nawe utampa anayelaumiwa nafasi ya kujibu kabla hujatangaza. Lakini ndoa ya jirani ikivunjika, umma una haja gani nayo? Hiyo iache ilivyo, hata kama rafiki zako wote watacheka ukiitangaza. Kumbukeni Bibi Aisha (R.A.) alivyosingiziwa, mji mzima ukazungumza, mpaka Suratun Nuur ikashuka kumtakasa na kuwalaumu walioupokeza uvumi ule bila ushahidi.

Na huyo huyo Bibi Aisha amepokewa hadithi zaidi ya 2,000. Wanaume wakubwa walikuja kumuuliza, naye akiwasahihisha. Kwa hiyo wazazi, msiwazuie mabinti kwa kusema kwamba redio ni kazi ya wahuni. Badala yake fanyeni kazi yenu ya uzazi. Nendeni redioni wenyewe, baba au mama, mkamjue msimamizi. Ulizeni mtoto atakaa na nani, ataondoka saa ngapi, atasali wapi Adhuhuri na Alasiri, na nani atamrudisha nyumbani. Kipindi cha usiku kwa mtoto wa shule, hapana. Msimamizi mwema hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, mmeshapata jibu lenu.

Na nyinyi vijana, mazoezi msingoje Agosti. Anzeni usiku huu na simu zenu. Ikija habari katika kundi la WhatsApp, kwamba fulani amekufa, kwamba duka fulani lina sumu, usiisukume mbele mpaka umejua ni nani aliyeona. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayesimulia kila analolisikia ameshaingia katika uongo, hata kama hakukusudia. Anayeweza kuzuia kidole chake leo, ndiye tutakayemwamini na kipaza sauti kesho.

Allah atutakabalie swaumu zetu, azisafishe ndimi zetu, awalinde vijana wetu wa kiume na wa kike, na atujaalie miongoni mwa wasemao kweli. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.